Mwalimu wa piano apimwe kwa siku sita ambazo hayupo

Mzazi wa Dar es Salaam anayetaka mtoto wake ajifunze piano mara nyingi huanza kuulizia kanisani. Huko ndiko anakosikia kinanda kila Jumapili, na ndiko waliko vijana ambao vidole vyao hukimbia bila macho kuviangalia. Humsubiri mpigaji baada ya ibada, hupewa namba ya simu, na wiki inayofuata masomo huanza. Mtu mzima aliyeamua kujifunza ukubwani hupita njia hiyo hiyo, isipokuwa yeye huuliza kwa sauti ya chini zaidi, akihofia kuonekana amechelewa. Sina ugomvi na njia hiyo, kwa kuwa makanisa yetu yamelea wapiga vinanda wengi na wazuri. Ninachopinga ni kipimo tunachotumia: tunamchagua mwalimu kwa namna anavyopiga yeye, ilhali tunachokilipia ni namna mwanafunzi atakavyopiga akiwa peke yake.

Somo la piano kwa kawaida ni mara moja kwa wiki. Mtoto wa miaka sita au saba hutosheka na nusu saa, na mtu mzima huhitaji dakika 45 au saa nzima. Siku sita zinazobaki mwalimu hayupo, na ni katika siku hizo ndipo vidole huzoea, macho hujifunza kusoma na sikio huanza kusahihisha lenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayefaa, kwa maoni yangu, ni yule anayelitumia somo kuziandaa siku sita zijazo, hata kama upigaji wake mwenyewe ni wa kawaida tu.

Jambo hili huonekana waziwazi kwenye daftari la mwanafunzi. Nimewahi kuyaweka kando kwa kando madaftari ya watoto wawili wa umri mmoja waliokuwa na walimu tofauti. La kwanza lilikuwa na sentensi moja iliyorudiwa wiki baada ya wiki: "Fanya mazoezi ya wimbo." La pili liliandikwa hivi: "Mkono wa kushoto peke yake, mstari wa pili, polepole, mara tano kila siku. Hesabu kwa sauti. Kidole cha nne kisiruke. Mstari wa tatu usiuguse mpaka tuonane." Mtoto wa daftari la kwanza alikuwa akikaa kwenye kinanda na kuupiga wimbo wote toka mwanzo, akikosea palepale alipokosea jana, kisha akiinuka. Yule wa pili alikuwa na kazi ndogo inayomalizika, na mama yake, ambaye hajui nota hata moja, aliweza kumsimamia kwa sababu maelekezo yalisomeka. Ukitaka kumjua mwalimu kabla hujamlipa, mwombe akuonyeshe daftari la mwanafunzi wake mwingine, au hata picha ya ukurasa mmoja kwenye simu, jina likiwa limefichwa.

Upo upungufu mmoja ambao nauona sana kwa wapigaji wetu hodari, na nausema kwa heshima kwa sababu si kosa lao. Vinanda vya umeme vina kitufe cha transpozi, kinachopandisha au kushusha sauti yote bila vidole kuhama. Kwaya ikilalamika kwamba wimbo uko juu mno, mpigaji hubonyeza mara mbili na kuendelea na C ile ile, ufunguo uliozoeleka na vidole vyake. Katika ibada huo ni msaada mkubwa, maana waumini hawawezi kungoja. Lakini mtu aliyekuzwa na kitufe hicho pekee anaweza kupiga miaka mingi, tena kwa ufundi wa kuvutia, bila kujua vidole vya skeli (ngazi ya sauti zinazofuatana) ya A wala ya E, na anapofundisha humrithisha mtoto kile alichonacho: chodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za C, F na G, pamoja na mazoea ya kukimbilia kitufe. Siku mtoto huyo atakapoketi mbele ya piano ya nyuzi, ambayo haina kitufe cha aina hiyo, atajikuta anaanza upya. Mwombe mwalimu apige wimbo mmoja mwepesi kwanza kwenye C, kisha kwenye D, bila kugusa transpozi. Hakuna haja ya kufanya hivyo kwa namna ya kumtega. Mweleze tu kwamba ungependa mwanao ajifunze hivyo, na jibu lake litakutosha.

Suala la nota linahitaji subira zaidi. Wanakwaya wetu wengi husoma sol-fa, ile d r m f s l t iliyoletwa na wamisionari, na mimi ni miongoni mwa wanaoutetea mfumo huo kwa moyo wote. Unamfundisha mtu uhusiano wa sauti na sauti, na mtoto aliyeanza nao huimba sawasawa kabla hajagusa chombo chochote. Hata hivyo, piano ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na muziki wake huandikwa kwenye stafu (mistari mitano ya kuandikia nota) mbili zinazosomwa kwa pamoja, ya juu kwa kawaida ikiwa ya mkono wa kulia na ya chini ya mkono wa kushoto, kila mmoja ukifanya kazi yake. Sol-fa hueleza vizuri sauti moja inayoimbwa, lakini mikono miwili inayotofautiana huielemea. Mwalimu bora niliyemwona akifundisha hakuitupa: alimwimbisha mtoto mstari kwa sol-fa kwanza, kisha akamwonyesha sauti hizo hizo kwenye stafu, ndipo akamruhusu kuzitafuta kwa vidole. Mtoto alikuwa tayari anajua wimbo unakoelekea, kwa hiyo nota hazikumtisha. Swali la kumuuliza mwalimu, basi, ni hili: "Mwalimu, kusoma stafu tutaanza lini?" Akisema kuanzia somo la kwanza, ni sawa. Akisema wiki chache zitatumika kwa sikio kwanza, hilo nalo lina hoja yake. Akisema tutafika huko baadaye, na hana namna ya kueleza hiyo baadaye ni lini, ninamtilia shaka.

Walimu waliosomea muziki wapo, ingawa hawajulikani kama wanavyostahili. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River karibu na Arusha, hutoa shahada ya muziki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha muziki ndani ya masomo ya sanaa. Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo wengi huifahamu kama TaSUBa. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichojijengea sifa kwa kufundisha taarabu na ala zake, na ambacho wanafunzi wake hufundishwa pia kusoma nota. Kwa wasomaji wa Nairobi, Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1944. Ninataja taasisi hizi kwa sababu maalumu: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mojawapo ya vyuo hivi, hata kama hana jina mjini, mara nyingi ni chaguo zuri kuliko mpigaji maarufu mwenye ratiba iliyojaa harusi na mikutano ya injili. Bado anakumbuka ugumu wa kujifunza, na anahitaji kuonyesha kwamba anaweza kufundisha.

Baadhi ya wazazi huuliza kwanza kama mwalimu anaandaa watoto kwa mitihani ya nje, hasa ile ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo ina ngazi ya awali na kisha ngazi ya 1 hadi ya 8. Mitihani hiyo humpa mtoto tarehe ya kuikazania, na sharti la kufaulu nadharia ya ngazi ya 5 kabla ya kuingia ya 6 limewalazimisha wengi kuujua muziki wanaoupiga. Lakini pana hatari. Katika mtihani wa kawaida mtahiniwa hupiga vipande vitatu, kisha hupimwa skeli, usomaji wa nota asizowahi kuziona, na sikio. Tangu mwaka 2020 upo mtihani mwingine wa kurekodiwa kwa video, wenye vipande vinne, bila skeli wala usomaji wa papo kwa papo. Mwalimu asiye mwangalifu anaweza kukaa mwaka mzima juu ya vipande vinne, mtoto akavikariri, cheti kikaja na kutundikwa ukutani, ilhali mtoto hawezi kusoma ukurasa mwingine wowote. Nikiambiwa mtoto yuko ngazi ya 3, huuliza anapiga nini kingine nje ya mtihani.

Kuhusu chombo chenyewe nitasema kwa ufupi. Vinanda vingi vya Kariakoo vina vibao 61, na mtoto anaweza kuanza navyo mradi sauti ibadilike kulingana na nguvu ya kidole. Kinanda ambacho hulia sawa ukikigusa au ukikigonga humfundisha mkono uzembe ambao huchukua muda kuondoka. Piano ya umeme yenye vibao 88 vizito inaweza kusubiri mpaka uone mtoto ameshikilia. Piano ya nyuzi ni nzuri kupita zote, ila kwa unyevunyevu wa pwani mbao hujaa, nyuzi hushika kutu, na mafundi wa kuitengeneza sauti ni wachache. Jambo ambalo halina gharama ni kiti. Mwalimu makini, hata kabla hajafungua kitabu, humkalisha mtoto mpaka viwiko viwe sawa na vibao, akiongeza mto juu ya kiti cha plastiki, na kuweka kigoda chini ya miguu inayoning'inia. Asiyejali mtoto ameketi vipi hatajali vidole vyake vimekunjwa vipi.

Watu wazima ninawaombea walimu wa aina tofauti kidogo. Mtu wa miaka 40 au 60 huelewa maelezo upesi kuliko mtoto, lakini vidole vyake hutii taratibu, na pengo hilo huumiza. Anajua jinsi wimbo unavyopaswa kusikika, anasikia jinsi anavyoupiga, na anaona haya. Mwalimu akimwanzishia nyimbo za chekechea ataacha baada ya mwezi. Akimpa mara moja tenzi nzima ya sauti nne ataacha mapema zaidi. Dawa yake ni mwalimu anayeuliza kwanza, "Ungependa siku moja upige nini?" kisha akauchukua wimbo huo huo na kuurahisisha, sauti ya juu kwa mkono wa kulia na nota moja moja kwa wa kushoto, ili mtu arudi nyumbani akiwa na kitu anachokipenda. Tena mwalimu huyo awe na adabu ya kumsahihisha mtu anayemzidi umri bila kumdhalilisha na bila kumwogopa. Nimeona vijana wakimwachia mzee makosa kwa sababu tu ni mzee, na hiyo si heshima, kwani mzee amelipa ili asahihishwe.

Kuna mambo ambayo wazazi huona aibu kuyasema, nami nasihi yasemwe siku ya kwanza. Somo la mtoto lifanyike sebuleni, mlango ukiwa wazi, na mtu mzima wa nyumbani akiwa karibu. Mwalimu mwema hatachukia, kwa sababu utaratibu huo humlinda na yeye. Anapohitaji kuushika mkono wa mtoto kuurekebisha, aseme kwanza. Malipo yakubaliwe ni kwa somo au kwa mwezi, na ijulikane nani anabeba hasara somo linapofutwa. Mwalimu anayetoka Mbagala kuja Mbezi hupoteza nusu siku kwenye foleni, na kumpigia simu akiwa njiani kwamba mtoto amelala ni kumnyima riziki yake. Kama tunataka walimu wazuri wabaki kwenye kazi hii, somo lililofutwa dakika za mwisho lilipwe.

Baada ya miezi mitatu, fanya jaribio dogo. Chukua kitabu cha mwanafunzi, tafuta kipande ambacho hajafundishwa na ambacho ni chepesi kuliko anavyopiga sasa, kiweke mbele yake, umwache dakika 20 bila msaada. Usitazame kama anakipiga vizuri. Tazama anaanzaje: kama anatafuta pa kuweka mikono, anahesabu, anajaribu mkono mmoja kabla ya mwingine, anarudia mahali palipomshinda badala ya kurudi mwanzo. Akifanya hayo, mshikilie mwalimu huyo hata kama majirani wanamsifu mwingine. Asipofanya, zungumza na mwalimu kwanza na umweleze ulichokiona, maana wengi wao hawajawahi kuulizwa na mzazi juu ya siku hizo sita. Akikusikiliza na kubadili namna anavyoandika daftari, mpe miezi mitatu mingine. Akikujibu kwamba mtoto hana kipaji, mlipe anachokudai, mshukuru, na uanze kutafuta mwalimu mwingine.