Ngozi za Iddi na makochi ya leza

Iddi Kubwa ilopita, siku ya pili asubuhi, nilikuta jaani ngozi ya ng'ombe imesokomezwa ndani ya kiroba. Nikashika manyoya kidogo tu yakanifuata mkononi. Manyoya yakishatoka hivo ujue ngozi imeanza kuoza, haifai tena kochi wala kiatu, iliniuma sana kwa kweli.

Ndo maana naelewa wanaosema tujenge kiwanda cha ngozi hapa hapa Unguja, ngozi tunazo, vijana hawana kazi, na makochi ya leza, yaani ya ngozi ilotengenezwa, tunanunua ya kontena ambayo mengi ni unga wa ngozi uloshikwa na gundi ukapakwa plastiki, haukai sana unabanduka magamba.

Lakini leza yenyewe ya kochi ina kazi: ngozi inarowekwa, inatiwa chokaa manyoya yatoke, inakwanguliwa nyama, inapasuliwa ibaki kama milimita 1 hivi, inatiwa dawa isioze, halafu mafuta ilainike, rangi ndo mwisho. Dawa hiyo kwa asilimia 80 na zaidi ya leza ya dunia ni kromiamu, dawa ya madini, maana kazi ya wiki na wiki inakwisha kwa siku moja mbili na ngozi inatoka laini. Sasa yale maji yake machafu yanakwenda wapi? Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu matupu, ukimwaga kitu juu kinashuka kwenye maji ya kisima tunayokunywa. Mtambo wa kuyasafisha upo ila ghali, na lazma ufanye kazi kila siku.

Wengine wanasema basi turudi kwenye magome ya mkandaa, aina ya mkoko, zamani tukiyauza mpaka nje kwa kazi hiyo hiyo. Ngozi yake inakuwa nyekundu, ngumungumu, kwa makubadhi nzuri sana, kwa kochi hapana. Na mti ukishauchuna magome pande zote unakufa, mie mikoko sikubali iguswe.

Naona tuanzie kwenye kisu. Kochi linataka kipande kipana, mchunaji akitoboa katikati keshaiua bei. Halafu chumvi, kama thuluthi ya uzito wa ngozi, ipakwe ndani ya saa chache, ikunjwe, ipande boti iende viwanda vya Bara, Moshi vipo. Kweli faida kubwa itabaki kule na hilo linauma, ila maji ya kisima yakiharibika hatuna pengine pa kuchota. Iddi ijayo magunia ya chumvi yawepo pale pale panapochinjwa, kabla ng'ombe wa kwanza hajalazwa.