Queen II, santuri tunayoiruka

Pita Shangani, Mji Mkongwe, siku yoyote utakuta watalii wakipiga picha nje ya makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza, Queen, yaliyofunguliwa 2019. Waulize wanazipenda nyimbo zipi za Queen. Utatajiwa ile ya kupiga makofi uwanjani, ile ya mabingwa, na bila shaka "Bohemian Rhapsody". Sijakutana bado na mtu aliyenitajia wimbo wa Queen II, albamu yao ya pili. Hata sisi mashabiki wa siku nyingi, tukianza kubishana, kura huenda kwa A Night at the Opera, na wanaojiona wajuzi zaidi husema Sheer Heart Attack. Mimi niko na Queen II, na wala sitanii.

Ilitoka Machi 1974, miezi kadhaa baada ya kurekodiwa studio za Trident, London. Haina upande A wala B. Ina Upande Mweupe, ambao karibu wote ni kazi ya mpiga gitaa Brian May, na Upande Mweusi, nyimbo sita, zote za Freddie.

Mweupe nausikiliza kwa heshima. "Procession" ni gitaa limepandishwa juu ya gitaa mpaka linasikika kama bendi ya mazishi, na gitaa lenyewe May alilichonga nyumbani na baba yake, shingo yake ikatoka kwenye mbao ya meko kuukuu. Mpaka leo analipiga kwa sarafu ya peni sita. "White Queen" ni wimbo mzuri mno. Ule wa mpiga ngoma Roger Taylor, mtanisamehe, ndio huwa nakwenda kuchemsha chai.

Narudi na kikombe santuri ikigeuzwa, kwa sababu Upande Mweusi hausikilizwi ukiwa jikoni. Unaanza na "Ogre Battle", na mwanzo wake ni mwisho wa wimbo huohuo uliochezwa kinyumenyume. Kabla hujapumua, wimbo unaofuata, "The Fairy Feller's Master-Stroke", unakuingiza kwenye mchoro wa jina hilohilo wa Richard Dadd, msanii wa Kiingereza aliyeuchora akiwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mchoro ule umejaa viumbe vidogo vidogo, na Freddie kaviingiza vyote ndani ya dakika tatu zisizotimia, kinanda cha kale cha nyuzi kikichachatika chini yake. Halafu kimya kidogo: "Nevermore", piano na sauti, dakika moja na ushei.

Halafu "The March of the Black Queen". Dakika sita na nusu. Mara ya kwanza nilidhani nyimbo nne zimegongana. Ukidhani umekipata kiitikio, kimeshaondoka. Mapigo yanabadilika, sauti zinapandana kama kwaya iliyogombana, kisha Freddie anabaki peke yake kwa upole kana kwamba hakuna kilichotokea. Jukwaani hawakuwahi kuupiga wote, walikuwa wakichopoa kipande tu na kukichanganya na nyimbo nyingine.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Watu husimulia kwamba "Bohemian Rhapsody" iliteremka tu kutoka mbinguni 1975, na wakiikumbuka Queen II huiita mazoezi. Mazoezi gani? Sauti zilizorundikwa zimo humu. Piano inayogeuka gitaa zito imo humu. Hata zile nyuso nne gizani kwenye video ya wimbo ule ni jalada la Queen II, picha aliyopiga Mick Rock, wakaitia uhai tu. Kwangu mimi, wimbo wa 1975 ndio yule "Black Queen", Malkia Mweusi, aliyefundishwa adabu: akapewa mahali pa watu wote kuimba pamoja na mwisho unaoeleweka. Naupenda pia. Ila yule asiye na adabu namwogopa zaidi, na roki inayoniogopesha ndiyo ninayoirudia.

Wachambuzi wengi wa wakati ule waliiponda albamu hii, wakaona ni mapambo matupu. Wanunuzi hawakuwasikiliza, ikafika namba 5 Uingereza. Nakiri lawama moja ni ya haki: sauti imesongamana. Kwenye spika ya simu inakuwa uji. Na usiombe simu ikuchanganyie nyimbo, maana zimeshonwa moja kwa nyingine, ukikata mshono umebaki na vitambaa.

Sasa hili la Unguja. Nimeshaambiwa zaidi ya mara moja kwamba "Seven Seas of Rhye", wimbo wa mwisho na ndio uliowatoa, ukafika namba 10, unaimba bahari yetu. Najua Freddie kazaliwa Unguja 1946, akapelekwa shule India, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Ningependa iwe kweli. Lakini Rhye ni nchi ya kubuni, na albamu yenyewe inatutania: inaishia ufukweni kweli, gitaa likififia huku kundi la watu likiimba kama walevi wimbo wa zamani wa Waingereza wanaokwenda likizo baharini. Mara ya kwanza kuusikia nilifungua dirisha, nikidhani ni redio ya jirani.