Usiidanganye skripti: ufuatiliaji wa seva kwenye Linux isiyotambuliwa

Ofisi nyingi za Dar es Salaam zina seva moja ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Imewekwa kwenye kachumba chenye kiyoyozi, Posta au Kijitonyama, inaendesha mfumo wa mauzo au wa mahudhurio, na ndani yake kuna CentOS 7, distro (aina) ya Linux ambayo iliacha kupewa masasisho tarehe 30 Juni 2024. Seva ya namna hiyo ndiyo inayohitaji kufuatiliwa kuliko zote. Lakini ukiendesha skripti ya kusakinisha programu ya ufuatiliaji, skripti inasema mfumo huu hautambuliki, na inaishia hapo.

Mafundi wengi hushauriana kufungua faili la /etc/os-release, linalotaja jina na toleo la mfumo, kubadili mstari wa ID usomeke ubuntu, kisha kurudia. Napinga njia hiyo kwa nguvu zote. Faili hilo linasomwa na programu nyingine nyingi. Kesho mwenzako ataendesha skripti tofauti kabisa, nayo itaamini kuwa iko kwenye Ubuntu na kuanza kuvuta vifurushi visivyolingana na mashine. Hata leo hutafika mbali. Programu iliyojengwa kwa glibc 2.34 (glibc ni maktaba ya msingi inayotumiwa na programu za Linux) haiwezi kuendeshwa kwenye CentOS 7, ambayo ina glibc 2.17, utaambiwa `GLIBC_2.34 not found`. Na ole wake anayejaribu kupandisha glibc kwa nguvu: amri karibu zote, kuanzia `ls` hadi `ssh`, zinaitegemea. Ukikosea, hutaweza hata kuingia kwenye seva kwenda kurekebisha.

Iulize kwanza mashine yenyewe. `uname -m` inakuambia kama prosesa ni x86_64 au aarch64, `uname -r` inatoa toleo la kerneli (kiini cha mfumo), `ldd --version` inatoa glibc, na `ps -p 1 -o comm=` inaonyesha kama huduma zinasimamiwa na systemd, msimamizi wa huduma wa distro nyingi, au na kitu kingine. Kisha tafuta kwenye hifadhi ya distro yako kabla ya kwenda kwingine. Alpine, kwa mfano, mara nyingi haimo kwenye orodha za skripti, lakini ina kifurushi chake cha prometheus-node-exporter, programu inayotoa vipimo vya mashine kwa Prometheus, mfumo wa ufuatiliaji, na `apk add` inamaliza kazi.

Kisipokuwepo, chaguo langu ni node_exporter ileile ya mradi wa Prometheus. Imeandikwa kwa lugha ya Go na faili lake linajitosheleza, halihitaji glibc ya mashine. Ndiyo maana linakubali kwenye CentOS 7, Void, Slackware na hata Alpine yenye musl badala ya glibc. Faili lililojengwa kwa glibc likipelekwa Alpine hujibu `not found` ilhali unaliona kwa macho. Kinachokosekana ni kipakizi chake, yaani faili linaloiwasha programu, `ld-linux-x86-64.so.2`. Mpaka wa njia hii uko kwenye kerneli: Go kuanzia toleo la 1.24 inadai kerneli 3.2 au zaidi, hivyo CentOS 6 yenye 2.6.32 itahitaji toleo la zamani.

Pakua kwenye kompyuta yako, linganisha `sha256sum` na ile iliyochapishwa na mradi, kisha peleka kwa `scp`. Usihangaike kupakua moja kwa moja kwenye seva kuukuu, kwa sababu vyeti vyake vya TLS (mawasiliano yaliyosimbwa) huenda vimepitwa na wakati. Tengeneza mtumiaji asiye na ruhusa ya kuingia, weka faili /usr/local/bin, ruhusa 755. Tumia `cp`, si `mv`. Ukilihamisha kwa `mv` kutoka /root kwenye mashine yenye SELinux, ulinzi wa Linux unaotumia lebo za mafaili, faili linabaki na lebo ya kule lilikotoka, na systemd inakataa kwa kosa la `203/EXEC`. Likishatokea, `restorecon -v` inalimaliza. Watu hupoteza mchana mzima hapa, na wengine huishia kuzima SELinux yote bila sababu.

Kwa systemd andika faili dogo la huduma lenye `User=`, `ExecStart=` na `Restart=always`. Kwa OpenRC, msimamizi mwingine wa huduma, andika skripti kwenye /etc/init.d yenye `supervisor=supervise-daemon`, halafu `rc-update add`. Poti ni 9100. Usiiache wazi kwa dunia nzima: ifunge kwenye anwani ya ndani kwa `--web.listen-address`, na fayawoli iruhusu seva ya Prometheus tu.

Anayetumia Zabbix, mfumo mwingine wa ufuatiliaji, ajenge ajenti (programu yake inayokaa kwenye seva) kutoka kwenye msimbo chanzo kwa `./configure --enable-agent`, lakini kwenye mashine pepe yenye distro na toleo lilelile, kisha ahamishe faili. Gcc, programu ya kujengea msimbo, haina kazi kwenye seva inayohudumia wateja.

Swali la seva ya ufuatiliaji ikae wapi linasahauliwa mno. Ikikaa kachumba kilekile, kwenye UPS ileile, umeme ukikatika zote zinazima na hakuna anayepata taarifa. Ikikaa Ulaya peke yake, siku kama ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, seva za Dar zisizo na tatizo zinaweza kuonekana zimekufa. Iweke hapahapa mjini, jengo jingine, umeme mwingine. Kwa Zabbix, weka proksi (mpokeaji wa kati wa data) jirani na seva na uongeze `ProxyOfflineBuffer`. Kwa kawaida inahifadhi saa 1 tu ya data ambayo haijatumwa, nami ningeweka 72.

Kukatika kwa umeme kuna tatizo jingine. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, seva inawaka na tarehe ya miaka iliyopita, na miunganisho ya TLS inakataliwa. Fuatilia `node_time_seconds` dhidi ya saa ya Prometheus, na uwashe chrony, inayosahihisha saa kwa mtandao.

Ukimaliza, `curl` kwenye poti 9100 haitoshi. Zima na uwashe seva usiku wa Jumapili, uone huduma inarudi yenyewe. Kisha isimamishe kwa makusudi na uhesabu dakika mpaka simu ya fundi wa zamu ilie.