Kabla ya Kununua Fleti ya Kupangisha, Mtafute Keyateka

Mtu akikuambia fleti yake inaingiza Sh160,000 kwa mwezi, muulize: inaingiza, au inafaa kuingiza? Hapo ndipo pesa za wanunuzi wengi wapya wa Nairobi hupotelea. Ajenti huhesabu milango, akazidisha kwa kodi ya mlango mmoja, akakuandikia jumla kwenye karatasi. Wewe uliyetoka juzi na mkopo wa sacco unaiona ile jumla kama mshahara wa pili.

Hebu tuifanye hesabu hiyo upya. Tuseme ni bedsita 20, yaani vyumba vya kulala, kupika na kuishi humohumo, za Sh8,000 kila moja, na mwenyewe anataka milioni 28. Kwa mwaka karatasi inasema Sh1,920,000, yaani karibu asilimia 7 ya bei. Sasa anza kutoa. Nyumba moja keyateka, yule anayetunza jengo, anakaa bure, nyingine huwa tupu au mpangaji wake amekwama. Kwa hiyo zinazolipa ni 18, Sh1,728,000. Mshahara wa keyateka wa Sh15,000 unakula Sh180,000 kwa mwaka. Ajenti wa kukusanya kodi akitaka asilimia 7, hiyo ni kama Sh121,000. KRA, mamlaka ya ushuru, inataka asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, nayo ni kama Sh130,000. Rangi, mabomba, stima ya ngazi na lori la kunyonya maji taka, weka Sh180,000 na usishangae zikizidi. Reti za kaunti na bima, Sh60,000. Kinachobaki ni kama milioni 1 na kidogo. Ukikumbuka pia kwamba ulilipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani Sh1,120,000, na ada ya wakili juu yake, faida yako haifiki asilimia 4 kwa mwaka.

Februari 2024 Benki Kuu iliuza hati fungani ya miundombinu, yaani mkopo unaoipa serikali, kwa riba ya asilimia 18.46, bila ushuru. Milioni 28 zilizowekwa pale zilikuwa zinaleta zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, na hakuna mtu wa kukupigia saa nne usiku kwamba choo kimeziba. Najua viwango vimeshuka tangu wakati huo. Najua pia kwamba ardhi hupanda bei na kodi hupandishwa, jambo ambalo hati fungani haifanyi. Lakini anayenunua fleti bila kulinganisha na kitu kingine chochote bado hajafanya hesabu, ameamini tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kwamba asiongee na muuzaji sana. Aongee na keyateka.

Niliwahi kumsindikiza rafiki kuangalia fleti Zimmerman. Ajenti alikuwa ametuambia maji yapo saa zote, kuna kisima. Tulifika asubuhi ya siku ya kazi, bila ajenti, tukamkuta mzee mmoja akifagia ngazi. Mitungi ya lita 20 ilikuwa imepangwa kuanzia mlango wa chini hadi orofa ya pili. Rafiki yangu akamuuliza kama maji ni shida.

"Maji yapo, mkubwa," mzee akajibu. "Lakini ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Ya kanjo yakija, yanakuja usiku, na huko juu hayafiki."

Kisha akatoa kitabu cha mazoezi, kile cha shule chenye jedwali la kuzidisha nyuma, anachoandikia majina ya wapangaji. Nyumba za chini zilikuwa na jina moja moja. Orofa ya tano, mlango mmoja ulikuwa na majina manne yaliyokatwa kwa kalamu, yote ya mwaka ule. Hakuna ripoti ya mthamini ingetuonyesha hilo. Kila jina lililokatwa ni nyumba kukaa tupu wiki kadhaa, ni kupaka rangi upya, ni kumlipa tena anayetafuta mpangaji.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na tangu 2017 mgao wa zamu umekuwa sehemu ya maisha ya mitaa mingi. Kwa hivyo uliza ratiba ya mtaa huo ni siku gani. Uliza tangi la chini ya ardhi linabeba lita ngapi, na pampu inafanya nini stima ikipotea. Fungua mfereji wa orofa ya mwisho wewe mwenyewe. Wapangaji wa Nairobi huvumilia mengi, kelele za klabu, vumbi, hata ngazi za giza, lakini kubeba mitungi hadi orofa ya sita humchosha mtu mapema, na mwezi ukiisha utaona pikapu imebeba godoro.

Stima nayo iangalie kidogo. Kila nyumba iwe na mita yake ya tokeni. Ikiwa mita ni moja ya jengo zima, bili itaishia kuwa yako na ugomvi utakuwa wenu wote.

Turudi kwa muuzaji. Usimwombe orodha ya wapangaji, kwa sababu orodha huandikwa jana. Mwombe taarifa za benki au za paybill anayolipiwa kodi, za miezi 12 mfululizo. Utaona Desemba na Januari zilivyo, miezi ambayo watu wamesafiri ushago na ada za shule zimekuja. Kama fleti iko Roysambu au Kahawa, karibu na USIU au Kenyatta University, utaona pia likizo ndefu zinavyofanya wanafunzi wahame. Wapo wauzaji wanaojaza nyumba kwa kuwapa watu miezi ya bure kabla ya mnunuzi kuja, na taarifa za benki huwaumbua.

Muulize pia kama amekuwa akiwasilisha ushuru wa mapato ya kodi. Anayepokea kati ya Sh288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hutakiwa kulipa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Akikuambia yeye na KRA hawajuani, basi hizo namba anazokutajia hakuna mahali zilipothibitishwa. Na wewe ukinunua, usirithi tabia hiyo. Ushuru huu hutozwa kwenye kodi yote uliyopokea bila kuondoa gharama, kwa hiyo uweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kuhusu ardhi yenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa unahitaji wakili wako mwenyewe, asiye wakili wa muuzaji. Hatimiliki itafutwe kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia Nairobi. Upande wa mashariki wa jiji bado kuna ploti nyingi zinazouzwa kwa vyeti vya hisa vya kampuni za kununua ardhi, ambavyo si hatimiliki; bei yake ni ya kuvutia, lakini nenda benki na cheti hicho uone watakavyokutazama. Ikiwa ni nyumba moja ndani ya ghorofa la Kilimani au Kileleshwa, hakikisha utapata hati yako binafsi chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, na uulize ada ya huduma ya kila mwezi kabla ya kuuliza kitu kingine. Lifti, jenereta, walinzi na bwawa la kuogelea hulipwa hata nyumba yako ikiwa tupu. Binafsi sioni kwa nini mtu anayeanza aende huko, ambako fleti mpya zimejaa kila kona zikigombania wapangaji walewale. Bedsita na nyumba za chumba kimoja mahali penye matatu ya karibu hazipendezi kwenye picha, lakini wanaozihitaji ni wengi zaidi.

Na mto. Aprili 2016 jengo la kupangisha lililokuwa kando ya mto, mtaani Huruma, liliporomoka wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 50. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, serikali iliwaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Mlipe mhandisi aje aangalie nguzo, na omba vibali vya kaunti na vya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Muuzaji akianza kukuambia vibali viko kwa ndugu yake, shika njia.

Ukishanunua, andikiana mkataba na kila mpangaji, hata yule aliyekuwa pale miaka kumi. Depositi iweke kwenye akaunti yake peke yake. Hili nalirudia kwa kila anayenisikiliza, kwa sababu malalamiko makubwa ya wapangaji wa jiji hili ni depositi isiyorudi, na mwenye nyumba akiitumia kununua rangi, siku mpangaji anahama anabaki kutunga visingizio. Mwenye sifa hiyo hujulikana, hasa sasa ambapo wapangaji wa fleti moja wana kundi lao la WhatsApp.

Mpangaji akichelewa, usiende na kufuli. Kumfungia mtu nje au kung'oa mlango hakuna sheria inayokuruhusu, na akienda mahakamani anaweza kukugharimu zaidi ya anachodaiwa. Kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa na dalali mwenye leseni, na nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 zina mahakama yake maalum. Mimi ningempigia simu kabla ya tarehe 10, kwa heshima, nimuulize amekwama wapi. Wengi hutaja tarehe na kuitimiza. Asiyelipa miezi miwili, mpe notisi ya maandishi mapema, depositi ikiwa bado inatosha kufidia sehemu ya deni.

Na kama uko Marekani au Uingereza na unapanga kumwachia kaka au shangazi aisimamie, paybill iwe kwa jina lako na taarifa zije kwenye simu yako. Kaka mlipe mshahara unaojulikana. Asipolipwa wazi, atajilipa.