Profesa aje mwaloni

Makala yenu ya huyu profesa wa mazingira aliyeanza na misitu akaishia kupima joto la maji ya ziwa nimeisoma yote, isipokuwa orodha ya vyeo, hiyo niliiruka, mnisamehe.

Mimi wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi kwenye Ziwa Tanganyika, Kigoma. Mama anaanika dagaa. Wazee wanajua upepo wa kusini ukianza kuvuma, Mei hivi, ziwa linabadilika. Sababu ndiyo sikuwahi kuijua. Kumbe Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470, rutuba imelala huko chini kwenye maji ya baridi, na upepo ndio mwiko unaoikoroga ipande. Maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Dagaa wanakosa chakula.

Uvuvi ulipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, chanja zetu tupu, tulilaumu nyavu za makokoro tu. Joto nani alilitaja?

Ila profesa asiishie kumbini. Aje alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa bado zinawaka. Na kama kweli anapenda kupiga picha ndege, kama mlivyoandika, kunguru wa mama wanamsubiri.