Siakam aliuzwa jioni

Mtu mzima kabisa, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, anageuka kwenye kiti cha kinyozi pale Kansanga, Kampala, na kuniambia kwamba Toronto Raptors, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, waliwaibia wenzao wa Indiana mchana kweupe walipowauzia nyota wao. Sababu? Pascal Siakam ni mmoja, machaguo ya drafti waliyopata ni matatu. Akatoa mkono chini ya shuka na kuvihesabu vidole, mashine ikabidi izimwe. Nilinyamaza kwa kumwonea huruma kinyozi, maana kichwa kile kikiharibika lawama zingeniangukia mimi. Ila hesabu hiyo ya vidole nimeshaisikia mara nyingi mno, kwa watu ninaowaheshimu, na imenichosha.

Banange, chaguo la drafti si mtu. Ni zamu tu ya klabu kuchagua kijana mpya kila mwaka. Halikimbii, halilindi, haliruki kugombea ribaundi. Basi tuyafuate hayo matatu moja moja tuone yaliishia wapi.

Tarehe 17 Januari 2024 Siakam alikwenda Indiana. Toronto wakapata Bruce Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis Jr. na machaguo matatu ya raundi ya kwanza, mawili ya 2024 na moja la 2026. La kwanza likatua namba 19, wakamchukua Ja'Kobe Walter, kijana ambaye sina neno baya naye. La pili halikumaliza hata mwezi mkononi. Februari hiyo hiyo walilituma Utah pamoja na Lewis na Otto Porter Jr., wakarudishiwa Kelly Olynyk na Ochai Agbaji. Likawa namba 29, Utah wakamchagua Isaiah Collier, ambaye katika msimu wake wa kwanza alivunja rekodi ya klabu ya pasi za mabao kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, rekodi ya John Stockton, gwiji wa pasi wa Utah. Stockton, jamani. La tatu, lile la 2026, liliondoka Februari 2025 kwenda New Orleans pamoja na Brown, Olynyk na chaguo la raundi ya pili, akaja Brandon Ingram. Na New Orleans hawakulitunza. Juni 2025 waliwarudishia Indiana wenyewe, wakachukua namba 23 ya mwaka ule. Kwa hiyo chaguo la Indiana lilizunguka Marekani na Canada kisha likarudi kwao, na Siakam wao bado wanaye.

Hapo utadhani nataka kusema ilikuwa biashara mbovu. Sisemi hivyo. Mchezaji aliyebakiza miezi mitano na ushei kwenye mkataba wake, kila klabu inajua Juni ikiisha ana uhuru wa kwenda anakotaka, halafu ukapata mambo yote hayo? Bei ilikuwa ya haki. Huenda hata Bobby Webster na Masai Ujiri, wakubwa wa Toronto wakati ule, walibana zaidi ya nilivyotarajia. Kinachoniudhi ni kwamba miaka yote hii tunabishana juu ya bei, na bei siyo iliyotuponza. Kilichotuponza ni saa.

Nenda Ggaba saa nne asubuhi, samaki wameingia na mitumbwi, muuze sangara wako uone watu wanavyosukumana. Nenda saa kumi na mbili jioni ukiwa na sangara yule yule na huna barafu. Mnunuzi anasimama mbele yako mikono mfukoni, anatazama ziwa. Hana haraka. Anajua, na anajua kwamba wewe unajua.

Saa nne asubuhi ya Siakam ilikuwa Februari 2023. Alikuwa na miaka 28, na msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 24.2. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametajwa kwenye kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mzima na nusu, maana yake anayemnunua anapata mbio mbili za kutafuta ubingwa, si moja. Timu haikuwa ikienda popote, ilikuwa chini ya nusu kwa nusu. Fred VanVleet, mgawa mipira wetu, naye mkataba ulikuwa ukingoni. Kila mtu mwenye macho aliona kwamba kikosi cha ubingwa wa 2019 kimekwisha, kilichobaki ni picha ukutani na pete.

Wakafanya nini? Wakanunua! Walimleta Jakob Pöltl kutoka San Antonio, wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la 2024, lililolindwa kwa nafasi sita za juu tu, yaani likiangukia hapo wangebaki nalo, likipita linakwenda. Pöltl ni mchezaji mzuri, mpole, anapiga skrini kama ukuta. Lakini mwenye nyumba inayoungua hanunui kochi.

Tulichopata kwa uamuzi ule ni ushindi 41 na vipigo 41, yaani sifuri kamili, na mechi moja. Mechi moja! Tarehe 12 Aprili 2023, mchujo dhidi ya Chicago, nyumbani Toronto, huku kwetu ni usiku wa manane wa kuamkia Alhamisi. Mnaikumbuka. Mitupo huru 36, wakakosa 18. Binti mdogo wa DeMar DeRozan amekaa jukwaani anapiga yowe kila mtu wetu aliposhika mpira kwenye mstari. Mimi niko macho, jirani anagonga ukuta kuniuliza kama kuna mgonjwa, na timu ya watu wazima wanaolipwa mamilioni inatishwa na sauti ya mtoto wa shule. Chicago 109, sisi 105. Kwa ajili ya usiku ule tuliahirisha kila kitu.

Julai VanVleet akasaini Houston. Toronto walipata nini? Hewa. Mchezaji mliyemkuta bila klabu baada ya drafti, mkamlea, akawa bingwa na nyota, akaondoka hivi hivi kama mgeni aliyekuja kunywa chai.

Bado Siakam hawakumuuza. Majira yote yale habari za Atlanta kumtaka zilizagaa, msimu ukaanza, mkataba mpya hakuna, na hadi anaondoka Januari jua limeshazama. Na sasa sikilizeni sehemu ambayo mzee wangu wa kinyozi hakuwa na kidole cha kuihesabia. Baada ya kumuuza Siakam, na mwenzake OG Anunoby kabla yake, timu ikaporomoka kama ilivyotakiwa kuporomoka. Scottie Barnes, nyota wetu kijana, akavunjika mkono. Ushindi 25, vipigo 57. Ukijenga upya, mateso kama hayo yana faida moja tu duniani, nayo ni chaguo lako mwenyewe la juu kwenye drafti. Bahati nasibu ya kupanga zamu za drafti ikachezeshwa, Toronto wakateremka kutoka nafasi ya sita hadi ya nane. Na nafasi ya nane ni ya nani? San Antonio! Kwa sababu ya Pöltl! San Antonio hata hawakulihitaji, usiku wa drafti wakalipitisha Minnesota, akachukuliwa Rob Dillingham.

Tuliteseka msimu mzima kwa niaba ya watu wengine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama biashara ya Siakam ilisaidia ujenzi, namjibu kwamba ilisaidia kama dawa ya malaria inavyosaidia ukinywa wakati umeshalazwa. Ingefanywa Februari ya 2023, Pöltl asingekuja kwa bei ile, chaguo letu la 2024 lingebaki letu, VanVleet naye angeuzwa badala ya kutoroka, na mnunuzi wa Siakam angelipia misimu miwili. Mambo manne kwa tarehe moja. Hayo mngeyahesabu kwa vidole ningekaa kimya.

Najua jibu. "Lakini 2019." Najua, ndio mwaka tuliobeba ubingwa. Anayeshangaa kwa nini watu wa Kampala wanapandishiana sauti juu ya timu ya Canada hakuwa macho saa kumi alfajiri ya tarehe 14 Juni 2019, Siakam wa Douala anatia pointi 26 Oakland na Serge Ibaka wa Brazzaville anatoka benchi kama mtu aliyetukanwa. Rais wa klabu mwenyewe alikuwa Ujiri, mtoto wa Nigeria. Wakongomani wa Makindye walikuwa wamejisajili kabla yetu, tangu 2016 Bismack Biyombo wa kwao, akiwa Toronto, alipokamata ribaundi 26 mbele ya Cleveland ya LeBron. Ukikaa nao usithubutu kusema 25. Timu ile ilikuwa yetu kuliko timu yoyote ya kule. Na Siakam alikuwa chaguo namba 27 tu, kijana wa seminari ambaye baba yake alitaka awe padri, aliyeanza mpira wa kikapu akiwa amechelewa. Ujiri alimwokota pale ambapo klabu nyingi zilipita bila kugeuka. Kumuuza mtu kama huyo akiwa bado ana nguvu kunahitaji moyo wa chuma, na mimi, nikiwa kwenye kiti chake, sijui kama ningekuwa nao. Haya, hilo nawapa. Lakini mimi sikulipwa mshahara wa kuwa na moyo huo. Yeye alilipwa, hadi Juni 2025 walipoachana naye.

Kuna hoja nyingine ndogo ndogo. Kwamba Siakam na Barnes walikuwa wanakanyagana uwanjani: kweli kiasi. Kwamba Bruce Brown angeuzwa haraka badala ya kuongezewa dola milioni 23 za msimu mwingine: kweli kabisa, aibu.

Ile ya OG Anunoby siigombanii. Desemba 30, 2023, amekwenda New York, wamekuja RJ Barrett na Immanuel Quickley, watu wenye majina na miguu, wa miaka 23 na 24, pamoja na chaguo la raundi ya pili lililotupa Jonathan Mogbo. Unaweza kulalamika kuhusu dola milioni 175 za Quickley, na mimi nalalamika, hasa kila kifundo cha mguu kinapomsumbua. Lakini angalau siku ile ile tulijua tumepata nini.

Sisi wa huku nadhani tuna ugonjwa wetu pia katika mjadala huu. Tumelelewa na ligi isiyo na drafti. Pale Lugogo mchezaji akiiva, mwenye mfuko mnene anamchukua na klabu iliyomlea inabaki na fulana. City Oilers, klabu ya hapa Kampala, walianza kubeba ubingwa 2013 wakaendelea mwaka baada ya mwaka, na sisi tukaona ndiyo maisha. Mtu aliyezoea kupoteza mchezaji bila kupata hata mpira mmoja, ukimwambia Toronto wamemwachia mmoja wakapewa machaguo matatu, lazima aone muujiza. Namwelewa. Ila mashabiki wa Toronto wenyewe, waliokulia kwenye mfumo ule, nao husema hivyo hivyo, na wao sina huruma nao.

Kilichonichoma zaidi ni Mei 2025. Fainali za Kanda ya Mashariki, Indiana na New York. Huku Siakam, kule Anunoby. Mechi ya pili, Madison Square Garden, Siakam anatia 39 kama anafanya mazoezi ya asubuhi. Indiana wakashinda mfululizo ule 4 kwa 2, Siakam akapewa tuzo ya mchezaji bora, wakaenda na Oklahoma City hadi mechi ya saba ya fainali. Nyumba yetu ya zamani ikiwa imegawanywa mara mbili, inacheza yenyewe kwa yenyewe kwenye sebule ya mtu mwingine. Sitaki kusikia kwamba mzee alikuwa ameisha. Alikuwa na miaka 31.

Novemba ya 2025 Toronto waliposhinda mechi tisa mfululizo, watu wakaanza tena: mmeona, ujenzi umejibu, Ingram huyo. Nilifurahi, mimi si mchawi. Ingram anapofunga ule mtupo wa katikati huku mkono wa mtu uko usoni, ni raha kutazama, na ile miaka mitatu ya dola milioni 120 siijadili siku ya ushindi. Ila tisa za Novemba hazirudishi namba nane ya 2024.

Ninachotazama sasa ni RJ Barrett. Mtoto wa nyumbani, anapendwa, mkataba wake unaisha 2027. Kama wanamtaka, wamwongezee sasa. Kama hawamtaki, simu ziko nyingi leo. Ikifika Januari 2027 bado "wanatafakari", msinitafute saluni.