Kaole tunailinda, mchanga wa mito je?

Mgeni akifika Bagamoyo hupelekwa Kaole akaone msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Ni haki yake. Ila ipo kumbukumbu ya kale zaidi ambayo tunaipakia kwenye tipa na kuiuza kabla mtu yeyote hajaitazama: mchanga uliolazwa na mito ya zamani, Ruvu ukiwamo.

Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru. Maji yakienda kasi hubeba changarawe. Yakipungua nguvu huacha mchanga. Yakituama, tope laini hutulia chini. Kwa hiyo ukikuta kwenye ukuta wa shimo changarawe, juu yake mchanga, kisha tope jeusi lenye mabaki ya mizizi, jua kwamba hapo ulipita mkondo wenye nguvu, mto ukahama, pakabaki kinamasi. Mistari iliyolala mshazari ndani ya mchanga huonyesha hata maji yalielekea upande gani.

Umri nao hupimika. Chembe ya kwatzi, madini yaliyo mengi kwenye mchanga, ikifukiwa gizani hujilimbikizia nishati ya mionzi ya asili kutoka udongo unaoizunguka, na maabara hukadiria imekaa gizani miaka mingapi. Ikipigwa na jua, hesabu yote inafutika. Hili ndilo linaloniuma: mchanga ukishamwagwa kiwanjani, hauna tena cha kutuambia.

Na yapo makubwa ya kuambiwa. Yapata miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko leo. Kati yetu na Unguja maji hayana kina kirefu, hivyo palikuwa nchi kavu. Katika pango la Kuumbi, Unguja, wanaakiolojia wamepata mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao walifika kwa miguu. Ruvu wa wakati huo ulikuwa na safari ndefu zaidi mbele yake.

Sipingi uchimbaji, watu wanajenga. Nataka kibali cha machimbo kiwe na sharti: ukuta wa shimo upigwe picha, matabaka yapimwe, na sampuli zichukuliwe kwa bomba lisilopitisha mwanga. Wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wangejifunza mengi hapa. Waanze kwa kuwauliza wachimbaji, maana hao ndio wanaojua chepe hukutana na tope jeusi kwenye kina gani.